Jani Lililobaki Njiani

Elibariki alilitupa jani lile Jumapili asubuhi, kwenye pipa la jikoni, juu ya machicha ya kahawa, na hakuna mtu aliyemsukuma mkono. Naanza hapo makusudi, maana baada ya msiba watu wa Houston walimhurumia sana wakaisahau hiyo sehemu. Nampenda Elibariki, lakini ukweli usemwe. Alilishika, akaligeuza, akalitupa, kisha akaenda kanisani.

Lilikuwa jani la isale. Ukipita Machame utayaona masale yamepandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya urithi, na juu ya makaburi, majani marefu ya kijani, hayana tunda la kula wala ua la kujivunia. Lakini Mchaga akikukosea, akalifunga jani hilo fundo akakuletea, basi, yameisha. Unalipokea kwa mikono miwili, unasema nimepokea, hata kama moyo bado unachemka. Wapo waliosamehe damu ya mtoto wao kwa jani hilo. Anayelikataa sijui tumwiteje, kwa sababu mimi sikuwahi kumsikia mtu wa namna hiyo mpaka alipotokea Elibariki.

Aliyelituma ni kaka yake, Isack, dereva wa foklifti kwenye ghala moja kule Mesquite, upande wa mashariki wa Dallas. Elibariki yeye anakaa Pearland, kusini ya Houston, na anapiga watu eksirei katika hospitali moja ya mjini. Kwa mama yao walikuwa wawili tu. Kati ya Mesquite na Pearland ni saa nne na ushee za barabara, na kwa miaka mingi saa hizo hazikuwa kitu. Kila mwezi Isack anashuka na pikipiki yake ya bluu, na kabla ya kukata kona ya mtaa anapiga honi mara mbili, pii-pii, vile walivyozoea utotoni kwenye kona za mlimani ambako huoni anayekuja. Majirani Wazungu wanafungua mapazia kuchungulia. Glory, binti wa Elibariki, anakimbia mlangoni kabla hata kengele haijalia.

Halafu mama akafa. Karatasi za Isack zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka Marekani kabla ya kupata kibali, asingerudi. Wakili akamwambia wiki mbili. Akampigia mdogo wake, ambaye alikuwa ameshafika nyumbani. "Eli, nisubirini. Wiki mbili tu. Mama yuko mochwari, haendi popote." Elibariki alikuwa na likizo ya siku kumi. Yeye ndiye kitinda mimba, kihamba ni chake, neno la mwisho ni lake. Akamzika mama siku ya nne, akazima simu.

Kwenye ibada ya shukrani waliyofanya baadaye pale Dallas, Isack alishika maiki mbele ya watu mia mbili, Watanzania, Wakongo, Wakenya, akasema, "Mama yangu kazikwa na mwizi. Huyo hapo, kakaa mbele, kavaa tai." Weee! Elibariki akamshika mkono mkewe Joyceline wakatoka. Ndugu hao hawakusemezana tena mwaka mzima.

Sasa sikilizeni. Ni huyo huyo Isack, aliyekosewa kwanza, ndiye aliyejishusha. Alilifunga jani fundo, akalizungushia uzi wa bluu aliouchomoa kwenye ovaroli yake ya kazi, akampa Twalibu alilete. Twalibu ni fundi magari, mtu wa Pangani, rafiki wa wote wawili. "Yaani mimi mtu wa pwani leo nimekuwa tarishi wa majani ya Kichaga," alisema akiwa mlangoni Pearland. "Haya, lipokee bwana, nirudi zangu."

"Liweke tu hapo," Elibariki akamjibu.

Likawekwa dirishani, likakaa wiki tatu linakauka. Joyceline alipomuuliza, Elibariki alisema huyo mtu amemwita mwizi kadamnasi, halafu anataka kuyamaliza kwa jani? Hilo alilisema kwa sauti. Ambalo hakulisema ni kwamba angelipokea, ingembidi naye atafute lake la kupeleka, asimame mbele ya kaka yake aseme: ni kweli, nilikuibia mama. Aibu hiyo ndiyo iliyomshinda. Ikaja ile Jumapili, na machicha ya kahawa.

Isack alikuwa na tabia moja ambayo wenzake hawakuielewa. Kila mwaka, mwezi wa tisa, anachukua siku tano, anapakia hema na maji, anaondoka peke yake na pikipiki kwenda kwenye milima ya magharibi ya mbali ya Texas, karibu na mpaka wa Mexico. Huko unaweza kuendesha asubuhi nzima usione hata paa la nyumba. Ni mawe, miiba, na barabara za vumbi zinazopanda na kushuka makorongo, na simu haishiki mtandao. "Unatafuta nini kule?" watu wanamuuliza. "Kule hakuna anayeniuliza natafuta nini," anawajibu, anacheka.

Mwaka ule hakurudi. Polisi wa kaunti walimkuta siku ya tatu ya kumtafuta, chini ya korongo, kwenye kona iliyoliwa na mvua. Daktari akasema hakufa siku ile aliyoanguka. Alikuwa amevunjika mguu, akakaa pale chini akisubiri mtu apite.

Baada ya mazishi ndipo honi ilipoanza.

Jioni ya kwanza Elibariki alidhani ni masikio yake. Saa kumi na moja, jua bado kali, akasikia kwenye kona ya mtaa: pii-pii. Akatoka. Mtaa mtupu, nyasi zimekatwa vizuri, kinyunyizio cha jirani kinazunguka. Kesho yake tena. Keshokutwa tena, saa ile ile. Akajiambia ni majonzi, mtu akifiwa husikia mengi. Mpaka siku moja alipogeuka akamkuta Joyceline amesimama nyuma yake na mwiko mkononi, mchuzi unamdondokea miguuni.

"Baba Glory," Joyceline akasema, "na mimi nasikia. Tangu wiki iliyopita. Nilinyamaza nisikutishe."

Glory naye akatoa kichwa chumbani, akauliza kwa Kiingereza chake kwa nini baba mkubwa anapiga honi halafu haingii ndani.

Hapo Elibariki aliogopa kweli kweli. Akampigia Shangazi Melania, Machame. Akamsimulia yote, hata pipa la takataka.

"Shikamoo umenipa, marahaba nimeitikia," Shangazi akasema mwishowe, "lakini leo ningeweza kukuitikia vingine. Hilo jani, baba, bado liko njiani. Kwako halijafika, na kwake haliwezi kurudi. Nenda kalikute."

"Nikalikute wapi, Shangazi? Lilichukuliwa na gari la taka."

"Mimi nimeshakwambia. Nenda na kile alichoendea yeye. Na usiende na mtu."

Elibariki aliona hayo ni maneno ya kizee. Lakini wazo la safari lilimkaa, ila akalipanga kwa akili zake mwenyewe, kama kawaida yake. Atakwenda mpaka pale Isack alipoangukia, na isale lake mwenyewe, amwombe radhi, yaishe. Akaenda kwenye duka kubwa la bustani pale Pearland, na masale yalikuwepo, kwenye vyungu vya plastiki, yana lebo inayosema yasiwekwe karibu na paka. Wamarekani wanayaweka sebuleni kando ya televisheni kwa urembo, hawajui wanalala nyumba moja na hakimu. Elibariki akanunua mche mmoja, akakata jani zuri kuliko yote, akalifunga fundo, akalitia mfuko wa ndani wa jaketi.

Pikipiki ya Isack ilikuwa Mesquite, kwenye gereji ya Twalibu. Iliopolewa korongoni imepinda, na Twalibu aliinyoosha taratibu, siku za mapumziko, bila kuulizwa na mtu. Elibariki alipofika aliikuta imefungwa mnyororo kwenye nguzo.

"Unaogopa wezi?" akamuuliza.

Twalibu alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Mchaga, mimi mizaha najua, wewe unanijua. Hii sifanyi mzaha. Nikiijaza mafuta Ijumaa, Jumatatu nakuta tangi nusu. Taili zina vumbi jeupe. Wewe unaona Mesquite hapa kuna vumbi jeupe? Nikasema nitaifunga. Nimefunga. Vumbi lile lile."

"Labda mtu ana ufunguo."

"Labda," Twalibu akasema, wala hakumtazama. "Breki nime-check mara tatu. Klachi iko poa. Nenda, ila uniahidi jambo moja. Ukifika kule usiwe na kiburi. Kiburi umeshafanya cha kutosha."

Maneno hayo yalimchoma, na yalimstahili.

Elibariki alijua kuendesha. Isack ndiye aliyemfundisha, juu ya pikipiki ya baba yao, akimshika kiuno kwa nyuma na kumpigia kelele asiangalie taili, aangalie anakokwenda. Aliondoka Mesquite asubuhi, akaipita Fort Worth, akaelekea magharibi. Miji ikaisha, minara ya umeme wa upepo ikaja ikaisha, mashine za kuvuta mafuta zikabaki zinainama na kuinuka. Akalala Fort Stockton. Asubuhi akaendelea, akaiacha lami kubwa, akashika barabara nyembamba ya kwenda milimani.

Kituo cha mwisho cha mafuta ni duka moja la mbao lenye benchi nje. Muuzaji ni mama wa Kizungu wa makamo, nywele amezifunga nyuma, miwani imening'inia kifuani. Elibariki alipovua helmeti, yule mama alitabasamu kama anayemwona mteja wake.

"Ndiyo wewe," akamwambia. "Umechukua muda."

"Samahani, mama?"

"Wewe ndiye mdogo mtu. Mnafanana. Kaka yako hupita hapa mara kwa mara, na pikipiki kama hiyo hiyo. Hanunui kitu. Anasimama tu pale nje kwenye jua, nikimuuliza anataka nini anasema anamsubiri mdogo wake. Kapita sasa hivi, hata nusu saa haijaisha."

Elibariki alitoa pochi ili alipe. Akajikaza. Mtu mweusi juu ya pikipiki ya bluu, akajiambia, kwa hawa Wazungu wa huku wote ni mmoja. Atakuwa amemwona Isack mwaka jana, siku zimemchanganyikia. Akalipa mafuta, akashukuru.

"Mvua ilinyesha sana milimani wiki iliyopita," yule mama akamwambia. "Nenda polepole."

Lami ikaisha. Lango la chuma la kuzuia ng'ombe lilikuwa limefungwa kwa kulabu, akashuka kulifungua. Na pale kwenye kulabu palikuwa na jani. Refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo, lina unyevu kama limekatwa alfajiri.

Akatia mkono jaketini haraka. Lake lilikuwemo. Akatazama kulia na kushoto: mawe, vichaka vya miiba vya rangi ya majivu, jua la saa nne linapiga. Isale linataka kivuli na mvua. Kwa nchi ile lisingeishi hata siku mbili. Elibariki akaliacha pale pale bila kuligusa, akapita, akafunga lango. Akapanda pikipiki, akaiwasha, hakugeuka nyuma.

Barabara ikaanza kupanda. Huko juu hakuna ndege anayelia, hakuna gari, hakuna waya wa umeme. Milima imejipanga pande zote mbili, mikavu, myekundu, na ukizima injini unasikia damu yako mwenyewe masikioni. Aliizima mara moja anywe maji. Na alipokuwa na chupa mdomoni akasikia injini nyingine mbele yake, nyuma ya mlima, inanguruma polepole bila kusogea. Akasubiri. Nayo ikasubiri. Alipowasha yake, ile ikaondoka.

Kisha akaliona vumbi. Kona moja mbele, kila mara kona moja mbele, vumbi jeupe linapanda na kutua. Akipunguza, linapunguza. Akiongeza, linaongeza. Na kila ilipokaribia kona ambayo huoni ng'ambo yake, akasikia mbele: pii-pii. Halafu anafika yeye kwenye kona, na kona ni salama, na barabara inaendelea.

Mtu mwenye akili timamu angegeuza. Hata yeye alilifikiria. Lakini kufikia hapo hofu ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa hamu. Alimtaka kaka yake. Alitaka kumwona mgongo tu, jaketi lile, shingo ile. Akawaza: yeye aliomba wiki mbili sikumpa, na hapa ananisubiri kila kona. Machozi yakamjaa ndani ya helmeti, na hayafutiki humo.

"Kaka!" akapiga kelele. "Isack! Nisubiri!"

Mlima ukamrudishia, nisubiri, nisubiri. Vumbi halikusimama. Akakaza mkono. Ndilo kosa lake la safari ile, na Isack alikuwa amemkanya tangu utotoni: akaacha kuangalia anakokwenda, akaangalia vumbi. Barabara ilikuwa sasa inashuka, changarawe zinaruka pembeni, taili ya nyuma inateleza, na yeye anazidi kufungua mafuta. Akaipita kona, pii-pii. Akaipita ya pili, pii-pii. Vumbi likawa karibu, karibu kabisa, akanusa moshi wa mafuta, na kona ya tatu ikaja.

Hapo honi haikulia.

Barabarani palikuwa na majani. Matatu, makubwa, yamepangwa kwa mstari katikati ya njia, moja mbele ya lingine, hatua tatu tatu. Sasa, muulize Mtanzania yeyote aliyewahi kupanda gari. Majani yakipangwa barabarani hufikirii, huulizi. Mtu kakwama mbele, kuna hatari, simama. Mguu wa kulia wa Elibariki ulijua kabla yake. Ulikanyaga breki, mkono ukafuata, pikipiki ikayumba, ikaserereka juu ya jani la kwanza, ikapita la pili, ikazima taili ya mbele ikiwa imegusa la tatu.

Kimya. Vumbi halikuwepo tena. Hakukuwa na moshi wala mngurumo.

Akashuka, akaweka stendi, akatembea mpaka kwenye kona. Na ng'ambo ya kona barabara haikuwepo. Mvua ya wiki ile ilikuwa imeimega yote, upana mzima, na pale palipokuwa na njia palikuwa na hewa tu na korongo chini. Angeifikia kwa mwendo ule asingekuwa na muda hata wa kumtaja Mungu. Chini kule, katikati ya mawe, kitu kidogo cha bluu kiling'aa juani. Ni kipande cha plastiki cha pikipiki ya Isack ambacho waliokuja kumchukua hawakuona sababu ya kukichukua.

Hapa ndipo kaka yake alipokaa akisubiri mtu apite.

Elibariki alipiga magoti. Alilia kwa sauti, mtu mzima na familia yake, na alisema yale ambayo alipaswa kuyasema zamani. "Nilikuibia mama. Nilikuwa naona likizo inaisha. Na nilitaka niwe mimi, kaka, nilitaka nionekane mimi ndiye niliyemzika." Akatoa isale lake jaketini ili aliweke ukingoni. Mkono ukagoma njiani. Maneno ya Shangazi yakamrudia, mazima mazima: kwako halijafika. Nenda kalikute.

Unapelekaje radhi kwa mtu ambaye radhi yake umeikataa? Unaanzia wapi?

Akarudi kwenye pikipiki. Majani mawili ya kijani yalikuwa hayapo. Aliangalia kila mahali, upepo haukuwepo wa kuyachukua. Limebaki moja, lile lililo chini ya taili ya mbele, na sasa alipoinama aliliona vizuri. Halikuwa bichi. Lilikuwa kavu, la rangi ya kahawia, limejikunja kingo kama kitu kilichokaa dirishani wiki tatu. Lilikuwa na fundo. Fundo limezungushiwa uzi wa bluu. Na upande mmoja lilikuwa na doa jeusi lililokauka, na alipolisogeza puani lilinuka kahawa.

Sijui alikaa pale muda gani. Yeye mwenyewe hajui. Anachokumbuka ni kwamba aliirudisha pikipiki nyuma taratibu, taili isilikwaruze, akavua glavu, akafuta viganja kwenye suruali. Akalichukua kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, vile mama yao alivyowafundisha.

"Nimepokea," akasema. "Kaka, nimepokea. Nisamehe nimechelewa."

Kisha akaenda ukingoni, akalilaza lake lile la kijani, akaliwekea jiwe.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu ng'ambo ya pengo, kule ambako hakuna njia ya kufika, injini ikawaka. Ikanguruma kidogo, ikaingia gia, ikaanza kwenda, kona baada ya kona, ikipanda mlima ule mwingine, na kwa mbali, kabla haijapotea, pii-pii. Elibariki alisimama akisikiliza mpaka pakawa na ukimya wa kawaida, ule wa mahali tu pasipo na watu.

Alirudi polepole sana, jani kavu likiwa kifuani. Langoni hapakuwa na kitu kwenye kulabu. Alipofika dukani ilikuwa alasiri, akaingia kumwambia yule mama kwamba barabara imekatika, wapigiwe simu watu wa kaunti waweke kizuizi. Yule mama akapiga hapo hapo. Alipomaliza akamtazama Elibariki, nguo zimejaa vumbi jeupe, macho mekundu.

"Mmekutana?" akamuuliza.

Elibariki aligusa jaketi kifuani, pale jani lilipokuwa.

"Maana kapita hapa tena, muda si mrefu. Leo hakusimama kwenye jua. Kaingia ndani, mara ya kwanza tangu nimjue, kaomba maji, kanywa glasi nzima. Nikamuuliza, leo humsubiri mdogo wako? Akacheka. Ana kicheko kizuri. Akasema neno moja, sijui ni lugha gani, akaenda zake."

"Neno gani?"

Yule mama alivaa miwani, kana kwamba ingemsaidia kukumbuka, akalitamka polepole, silabi moja moja, kwa ulimi ambao haukuwahi kulisema.

"Kapokea," akasema. "Ndivyo alivyosema. Kapokea."

Glasi ilikuwa bado juu ya kaunta, tupu, ina alama za vidole vya vumbi jeupe. Elibariki alimwomba aijaze tena, akanywa humo humo, kisha akampigia Joyceline kumwambia yuko njiani anarudi.